Mkono Wangu Kwenye Sauti ya Mheshimiwa

Nina wivu. Naliweka hilo mezani mapema, kabla hata ya karibu na chai, ili mtu asije akasema nilimficha. Wako wanaomwonea jirani wivu kwa sababu ya nyumba, wako wanaomwonea ndugu kwa sababu ya watoto waliosoma. Mimi niliyemwonea wivu ni mke wangu mwenyewe, na wala si kwamba alikuwa na bwana huko nje. Alikuwa na watu, ukumbi mzima wa watu, na wote walikuwa wanamsikiliza.

Kazi yangu ni kukodisha mitambo ya sauti. Spika nne kubwa, mbili ndogo, maiki, miksa na jenereta moja kongwe linalotaka kubembelezwa kabla ya kuwaka. Nimefunga mitambo kwenye harusi, maulidi, mahafali ya chekechea na mikutano ya vyama vyote, maana umeme hauna kadi ya chama. Tunakaa Mtoni, Temeke, upande wa bondeni, kwenye nyumba aliyoiacha marehemu baba, na dada yangu mkubwa ana vyumba vyake viwili uani. Miaka mingi sebule yetu ilikuwa ndiyo stoo. Wageni walikalia spika, na chai tuliiweka juu ya spika nyingine.

Siku hizo mke wangu ndiye aliyekuwa msaidizi wangu. Alikunja waya vizuri kuliko mimi, kuanzia kiganjani mpaka kwenye kiwiko, bila fundo hata moja. Na yeye ndiye aliyejaribu maiki. Kila fundi ana mtu wake wa kusimama jukwaani na kusema "moja mbili, moja mbili" huku yeye mwenyewe akirekebisha kwenye miksa. Wa kwangu hakuishia kwenye moja mbili. Alieleza tulichokula asubuhi, akaeleza nilivyokoroma, akamsifia mwali ambaye hata hajatoka ndani. Watu waliokuwa wanapanga viti waliacha viti wakaja karibu. Mafundi wenzangu walikuwa wananitania kwamba mkeo akishajaribu maiki, shughuli imekwisha, watu warudi nyumbani.

Nieleze kidogo kuhusu miksa, maana bila hiyo hamtanielewa. Kila maiki ina mstari wake wa vifundo vya kuzungusha. Kipo cha sauti kwa jumla, na chini yake kuna besi, ule uzito wa chini, na tribo, ule ukali wa juu. Ukimnyima mtu besi na kumpandishia tribo, sauti inakauka, inatokea puani, na hata mtu mpole anasikika kama mgomvi wa kwenye foleni ya maji. Sauti ya mke wangu nilihangaika nayo wiki nzima mpaka nikaipatia mahali pake. Siku nilipoipata alichukua rangi yake ya kucha, nyekundu, akatia nukta mbili kwenye mstari wa maiki ya kwanza, moja pembeni ya besi, nyingine pembeni ya tribo. "Ili usinipoteze," alisema. Nukta zile ziko mpaka leo.

Siasa ilimkuta akijaribu maiki. Ulikuwa mkutano wa mtaa kwenye uwanja wa shule ya msingi, na mgeni tuliyeambiwa anakuja saa nne, mpaka saa sita alikuwa hajatokea. Watu walishaanza kunyanyuka. Mke wangu akashika maiki.

"Moja mbili. Moja mbili. Nyie wa huko nyuma mnanisikia?" Wakajibu wanasikia. "Haya, kama mie mnanisikia, mbona sie hatusikiki? Mtaro umeziba, nyumba zinaingia maji machafu, mtoto anaenda shule kabeba viatu mkononi. Au tukafunge spika mlangoni kwa ofisa?"

Uwanja ulicheka, kisha ukanyamaza, na ukimya ule ndio ulionishtua. Nimefanya kazi na masheikh, wachungaji, washereheshaji na wagombea, na ukimya wa namna ile nilikuwa nimeusikia mara chache. Alizungumza kama robo saa bila karatasi. Mgeni alipofika alikuta mkutano umeshafika katikati, ikabidi apewe muhtasari.

Wazee wa chama cha pale mtaani walikuja nyumbani wiki iliyofuata, wakakalia spika zetu, wakasema mama huyu achukue fomu. Fomu ile ya kwanza niliijaza mimi, kwa mwandiko wangu, kwa sababu wake unalala upande. Akawa mjumbe wa serikali ya mtaa. Kisha akawa diwani wa viti maalumu. Kisha, kabla sijazoea kuitwa mume wa diwani, akaenda Dodoma akaapishwa kuwa mbunge. Nilimwona kwenye televisheni akiapa, na kitu cha kwanza nilichowaza ni kwamba maiki ya pale wameiweka mbali na mdomo. Cha pili nilichowaza ni kwamba kashika kitabu kitakatifu kwa mkono uleule uliokuwa unakunja waya wangu. Dada yangu alikuwa analia kwa furaha. Mimi nililia pia, lakini machozi yangu yalikuwa na mchanganyiko.

Mabadiliko yalianza na majina. Kadi za harusi zilikuja zimeandikwa "Mheshimiwa na Mwenza." Nimekaa mtaani hapa tangu nikiwa natambaa, leo naitwa Mwenza. Dukani walianza kunisalimia kwa kuniuliza mheshimiwa anarudi lini. Hata dada yangu, ambaye nilitegemea damu ingemzuia, akawa kila akipakua chakula ananiita toka uani: "Mume wa mheshimiwa, njoo ule. Au mpaka utumiwe mwaliko?" Kulikuwa na bajaji iliyoegeshwa kila siku mbele ya nyumba, imeandikwa nyuma *Mwenye wivu ajinyonge*. Nilimwomba dereva aegeshe upande wa pili.

Lakini kilichonila hasa ni itifaki.

Anayejua mikutano yetu anajua kwamba hakuna anayezungumza kabla ya kuwataja wakubwa waliopo, mmoja baada ya mwingine, kwa vyeo vyao. Mke wangu aliwataja vizuri, hakumsahau hata mwenyekiti wa wauza samaki. Alimtaja mwenyekiti, katibu, wazee, masheikh, wachungaji, akina mama lishe, waendesha bodaboda. Halafu alimtaja katibu mwenezi wa chama, "kijana wetu mchapakazi." Halafu alisema, "Itifaki imezingatiwa," na hotuba ikaanza. Mimi nilikuwa hatua kumi kutoka kwake, nyuma ya miksa, nimekaa roho juu nikingoja. Sikutaka sifa. Nilitaka "na mume wangu" basi, maneno matatu, hata kwa haraka. Mkutano baada ya mkutano, mwaka baada ya mwaka, itifaki ilizingatiwa bila mimi.

Siku moja nilimuuliza. Alikuwa anapiga pasi kitenge cha safari ya Dodoma.

"Mbona hunitaji?"

"Nikutaje wapi?"

"Kwenye mikutano. Unawataja mpaka wa bodaboda."

Aliweka pasi chini. "Baba watoto, wewe chama kinakukodi mitambo. Nikisimama pale nikasema mume wangu ndiye yule, kesho wanaandika mbunge anampa mumewe tenda. Watakunyima kazi, na mie watanimaliza." Kisha akacheka kidogo. "Na halafu, kuku wako, manati ya nini? Mie si wako?"

Lilikuwa jibu la haki, na lilinichoma zaidi kwa kuwa la haki. Niliitikia, nikatoka nje, nikaenda kufuta vumbi kwenye spika ambazo hazikuwa na vumbi.

Huyo katibu mwenezi nimtaje kidogo, maana yeye anatajwa kila mahali. Alikuwa mtu wa bara, mrefu, mwenye lafudhi ya kwao na shati lisilokunjika. Kazi yake ilikuwa kueneza habari za chama, na alizieneza mpaka kwenye kiti changu. Alikuja nyumbani na mafaili, akakaa palepale ninapokaa mimi, akaniambia, "Fundi, habari za mitambo?" Hakuniita mzee, hakuniita shemeji, shikamoo aliikumbuka akiwa anaondoka. Wakati wakizungumza mambo ya kata na matawi nilikuwa napita sebuleni mara tatu kutafuta bisibisi niliyokuwa nayo mfukoni. Sikuwahi kuona jambo baya. Nilikuwa naona jinsi mke wangu anavyomsikiliza, kichwa kimeinama upande, namna alivyokuwa akinisikiliza mimi zamani nikimweleza kwa nini waya wa njano hauingii kwenye tundu la pili.

Ndipo likaja suala la uenyekiti wa chama wa mkoa. Mwenyekiti wa siku nyingi alikuwa anang'atuka, na wajumbe wengi walimtaka mke wangu. Mpinzani wake alikuwa mzee mmoja wa Kinondoni mwenye tumbo na mwenye hotuba moja aliyoirudia maisha yake yote. Kila mtu alijua nani atashinda. Na nilijua kinachofuata, kwa sababu mke wangu alikuwa ameshaanza kujenga Tegeta, na ofisi ya mkoa ilikuwa upande huo huo.

"Nikipata," aliniambia, "tuhamie kule. Siwezi kutoka Mtoni mpaka Kinondoni kila siku na foleni ile, na Dodoma hapo hapo."

"Na mitambo?"

"Mitambo utaajiri mtu. Umri unakwenda, mume wangu. Utapumzika."

Utapumzika. Niliiona picha yenyewe. Mimi Tegeta, kwenye baraza yenye vigae, nimevaa msuli mpya, nawafungulia geti wageni wa mheshimiwa, na mwenezi ananiuliza, "Fundi, mama yupo?" Nikajua kwamba akishinda nimempoteza kabisa. Akishindwa atarudi Mtoni, atakunja waya. Hivyo ndivyo nilivyowaza na siwezi kulipamba.

Mkutano mkuu ulifanyika kwenye ukumbi mmoja Kinondoni, asubuhi, na mitambo ilikuwa yangu kama kawaida. Kila mgombea alipewa dakika tano za kujieleza na kuomba kura. Yule mzee alianza. Nilimwongezea besi mpaka sauti yake ikawa nene, nikamtilia na mwangwi kidogo, ule tunaowawekea masheikh. Hotuba yake ya siku zote ilisikika siku ile kama wosia. Wajumbe waliitikia kwa vichwa.

Kisha akapanda mke wangu. Alinitazama, akanipa ile ishara yetu ya kidole gumba, kwamba yuko tayari. Nikaweka mkono kwenye miksa.

Kuzima maiki ni ujinga. Ukiizima, watu wote wanageuka kumlaumu fundi. Sauti ikikatikakatika wanamlaumu fundi vilevile. Lakini ukiitoa besi taratibu, na tribo ukaipandisha kidogo tu, hakuna anayekutazama. Masikio ya watu hayajui kulaumu mashine, yanamlaumu anayesema. Nilikivuta kifundo cha kwanza mbali na nukta nyekundu, nikakisukuma cha pili kuipita nukta yake. Haikuchukua muda wa kumeza mate.

"Ndugu wajumbe," alisema, na nilimsikia akishtuka. Sauti iliyotoka ilikuwa nyembamba, kali, ya mwanamke anayemsuta mtu dirishani. Alikohoa, akaisogeza maiki, akaongeza nguvu, na kadiri alivyoongeza ndivyo alivyozidi kusikika anafoka. Maneno yalikuwa mazuri kuliko yote niliyowahi kumsikia. Aliwaeleza juu ya mtaro wa Mtoni na yule mtoto wa viatu mkononi. Mama mmoja wa mstari wa mbele alimnong'oneza mwenzake, na nilisoma midomo yake vizuri: mbona leo ana hasira? Watu wakaanza kuangalia simu. Dakika tano zilipokwisha walimpigia makofi ya adabu.

Kura zilihesabiwa, mzee akashinda, si kwa nyingi. Mwenezi alikuwa amejishika kichwa. Mke wangu alimpongeza mshindi kwa kumkumbatia, akashuka, akaja mpaka kwenye meza yangu.

"Umenisikiaje?" aliuliza.

"Ulikuwa umechoka," nilisema. "Sauti ilikuwa imechoka."

"Niliisikia mwenyewe," alisema. "Haikuwa yangu."

Tulirudi Mtoni. Watu wa siasa wana msemo wao kwamba wajumbe si watu, na aliurudia mara moja tu, akiwa anavua viatu mlangoni. Dada yangu alimpikia uji wa pilipili manga. Mimi nilishusha spika moja moja, na sitasema kwamba nilikuwa na huzuni. Nilikuwa mwepesi, kama mtu aliyerudishiwa kitu chake.

Sikuwa nimefikiria kwamba angeniamini. Alianza kunywa maji ya tangawizi na asali kila asubuhi. Akaenda hospitali, daktari akamchungulia kooni, akamwambia hamna kitu. Akaenda kwa daktari mwingine. Akafunga kitambaa shingoni hata kwenye joto la Februari. Kikao cha Bunge kilichofuata nilikaa mbele ya televisheni nikimngoja anyanyuke, hakunyanyuka. Nilikuja kujua baadaye kwamba alikuwa anachangia kwa maandishi. Inaruhusiwa, mbunge anaandika mchango wake kwenye karatasi, anauwasilisha, unaingia kwenye kumbukumbu bila mtu kuusikia. Mwanamke aliyewanyamazisha watu kwa kujaribu maiki alikuwa anaandika, na kwa mwandiko ule unaolala.

Nyumba ya Tegeta ilisimama kwenye lenta, haikuezekwa. Mwenezi aliacha kuja; alikuwa ameshahamia kwa mwenyekiti mpya. Siku za mapumziko mke wangu alikuwa nyumbani, nami nilikuwa na kiti changu, na kadi za harusi zikapungua. Nilikuwa nimepata kila nilichokitaka. Tulikaa sebuleni jioni tukitazama taarifa ya habari, na nikimsemesha alijibu kwa kichwa ili asilichoshe koo. Nikaanza kumwonea wivu tena, safari hii kwa ule unyamavu wake, kwa sababu sikujua anazungumza na nani huko ndani.

"Umemfanya nini huyu?" dada yangu aliniuliza siku moja uani, akichambua mchele.

"Mimi tena? Kashindwa uchaguzi."

"Kushindwa wameshindwa wengi. Huyu kama kafiwa." Akapuliza pumba. "Kikulacho ki nguoni mwako, sijui cha kwake ni nani."

Hakuwa anajua lolote. Lakini chakula cha siku ile nilikiacha.

Miezi michache baadaye yule mwenyekiti wa sauti nene alihama chama. Aliitisha waandishi, akarudisha kadi, akatoa hotuba yake ileile kwa chama kipya. Kiti kikawa wazi, na wazee walewale waliokuja mara ya kwanza wakaja tena Mtoni kumwomba mke wangu agombee. Aliwasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba anashukuru, lakini sauti yake imezeeka, watafute mwingine. Mmoja wao alinitazama mimi, kama kwamba mume angeweza kusaidia.

Wiki ileile kulikuwa na mkutano wa mtaa kwenye uwanja uleule wa shule. Mtaro, kwa taarifa yenu, ulikuwa bado umeziba. Nilifunga mitambo, na yeye alikuja kama mbunge, akakaa kwenye kiti cha plastiki na kitambaa chake shingoni. Watu walikuwa bado wanaingia. Nilikuwa na mtu wa kujaribu maiki, lakini nilikwenda nikasimama mbele ya mke wangu.

"Nijaribie," nilisema.

"Koo."

"Moja mbili tu."

Sijui niseme nilikuwa nimetubu. Nadhani nilikuwa nimechoka kukaa na bubu. Nilirudi kwenye miksa, nikavirudisha vifundo vyote viwili kwenye nukta nyekundu, sawasawa. Alikwenda kwenye maiki taratibu.

"Moja mbili," alisema.

Ilitoka nzima. Ilitoka na uzito wake wote, ikapita juu ya uwanja ikagonga ukuta wa madarasa. Watu waligeuka. Yeye alisimama pale mdomo wazi kidogo, akaligusa koo lake kwa vidole viwili. "Moja mbili," alisema tena, akausikiliza ule mwisho wa sauti, na niliona jambo likipita usoni mwake, polepole, hatua kwa hatua, kwa mtu aliyekunja waya miaka mingi na anayejua kila waya unakwenda wapi.

Alishuka. Akaja kwenye meza yangu na maiki mkononi. Hakunitazama. Alizitazama nukta zake, akanyoosha kidole, akaivuta besi mbali na nukta, akaipandisha tribo mpaka ikapita. Kisha akasema kwenye maiki, karibu na uso wangu, "Ndugu wajumbe."

Ile sauti ya Kinondoni ikajaa uwanjani, nyembamba, kali. Mtoto mmoja alicheka. Mke wangu alivirudisha vifundo vyote viwili, kila kimoja kwenye nukta yake, kwa uangalifu wa mtu anayefunga kifungo cha shati la mtoto. Akafungua kitambaa shingoni akakiweka juu ya miksa yangu, akapanda.

Alianza na itifaki. Alimtaja mwenyekiti wa mtaa, mtendaji, wazee, sheikh, mchungaji, akina mama lishe, waendesha bodaboda. Nilikuwa nimeinamisha kichwa nikingoja isemwe kwamba imezingatiwa.

"Na mume wangu," alisema. "Yule pale, fundi mitambo. Miaka yote hii sijawahi kumtaja, leo naomba mumtambue. Kila mlichowahi kunisikia nikisema, na kila ambacho hamkunisikia, kilipita mkononi mwake. Simama, baba watoto, wakuone."

Nilisimama. Walinipigia makofi mengi, jamaa wakapiga miluzi, dada yangu akapiga kigelegele. Nilikuwa nimeyangoja makofi yale tangu alipokuwa diwani. Sikujua niweke wapi mikono.

Nyumbani nilitaka kusema kitu. Aliniwahi.

"Sikuulizi kwa nini," alisema. "Ukinijibu, itabidi niondoke, na mie sitaki kuondoka kwenye nyumba hii kwa sababu ya jibu. Kesho nachukua fomu."

"Nitakujazia?"

"Nitaandika mwenyewe."

Mkutano mkuu wa pili ulikuwa kwenye ukumbi uleule. Nilipewa kiti cha mstari wa mbele, chenye karatasi iliyoandikwa *Mume wa Mgombea*, na soda iliyokwisha funguliwa. Mitambo haikuwa yangu. Chama kilikuwa kimemkodi fundi wa Tegeta, mtu wa makamo mwenye miwani, ninayemfahamu kwa jina zuri. Hana mbwembwe na waya wake ni safi. Niliwahi kufika, ukumbi ukiwa bado haujajaa, nikamwona mke wangu jukwaani akijaribu maiki. Moja mbili. Alieleza tulichokula asubuhi. Wapanga viti wakacheka. Yule fundi alikuwa anazungusha taratibu, anasikiliza, anazungusha tena, anarudi nyuma kidogo. Mwanzo alikosea, besi ilikuwa nyingi, na nilijikuta vidole vyangu vinazunguka juu ya goti. Kisha akaipata. Niliisikia akiipata.

Mke wangu aliisikia pia. Aliweka maiki, akashuka ngazi za jukwaa, akapita mbele yangu akaniwekea mkono begani kidogo, akaendelea mpaka kwenye meza ya yule fundi. Akafungua mkoba. Akatoa kichupa cha rangi ya kucha, nyekundu, akakitikisa, na akainama juu ya miksa ya mwanamume mwingine, akatia nukta mbili.